Siku Sauti Ilipogoma

Katika mwezi wa Rajabu mwaka 488 Hijria, sawa na Julai 1095, mwalimu aliyesikilizwa kuliko wote mjini Baghdad aliketi mbele ya wanafunzi wake, akafungua kinywa asomeshe, neno lisitoke. Hakuwa na homa wala donda la koo. Ulimi ulikuwa mzima, ila umegoma. Alijilazimisha tena, walau darasa moja, asije akawavunja moyo waliotoka mbali kumsikiliza, na bado hakuweza. Tumbo nalo likafuata: chakula hakipiti, hata funda la mchuzi linamshinda. Matabibu walikuja, wakapima, wakashauriana, mwisho wakanyoosha mikono. Walisema maradhi haya yameanzia moyoni ndipo yakashukia mwilini, na hayana dawa mpaka moyo wenyewe utulie.

Mgonjwa huyo ni Abu Hamid al-Ghazali, yule ambaye vitabu vyake vinasomwa mpaka leo popote wanapopatikana Waislamu wa madhehebu ya Shafii, pwani yetu ikiwamo. Alizaliwa mwaka 1058 katika mji wa Tus, kaskazini mashariki mwa Iran ya sasa. Baba yake alifariki angali mdogo, akawaacha yeye na ndugu yake Ahmad mikononi mwa rafiki aliyekuwa sufi. Wanaosimulia habari zake wanasema kwamba ile akiba ndogo ya urithi ilipokwisha, mlezi aliwashauri watoto wale waingie madrasa, kwa kuwa huko mwanafunzi hupata chakula. Basi mtu ambaye karne zilizofuata zilimwita Hoja ya Uislamu aliingia kwenye elimu akifuata sahani ya chakula. Yeye mwenyewe, inasimuliwa, hakulificha jambo hilo alipokuwa mkubwa.

Kutoka pale alipanda haraka. Mwaka 1091, akiwa na miaka 33 tu, Waziri Mkuu Nizam al-Mulk alimteua kuongoza madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad, na hapakuwa na kiti cha elimu kilichokizidi hicho katika dola nzima ya Waseljuki. Darasani kwake walikaa wanafunzi 300. Mwaka uliofuata waziri aliyemteua akauawa kwa kisu, na muda mfupi baadaye Sultani Malik Shah naye akafa. Ghazali alibaki kitini pake. Kwa nje, mambo yake yalikuwa yamenyooka.

Ndani hayakuwa hivyo. Katika kitabu alichokiandika miaka mingi baadaye kueleza safari ya maisha yake, anasema alikaa akaitazama kazi yake ya kusomesha, ambayo ndiyo iliyokuwa bora ya kazi zake zote, akajiuliza anaifanya kwa ajili ya nani. Jibu alilolikuta lilimtisha. Hakuifanya kwa ajili ya Mungu. Kilichomwamsha asubuhi na kumtembeza mpaka darasani kilikuwa cheo na sifa. Akajiona kama mtu aliyesimama kwenye ukingo wa genge linalomomonyoka.

Kisa hiki kina zaidi ya miaka 900, lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye arusi na kuulizwa na jirani wa mezani, "Na wewe uko wapi siku hizi?", anaifahamu hofu iliyomo ndani yake. Anayeuliza hataki kusikia Mbagala wala Kisauni. Anataka jina la ofisi. Mwenye nalo hujibu upesi, na mazungumzo yakaendelea. Asiye nalo, kwa kuwa mkataba umekwisha, au kampuni imefungwa, au ameacha mwenyewe kwa sababu ambazo hata yeye hajazipata vizuri, huanza kutafuta maneno huku akizungusha soda yake mezani. Kwa dakika ile moja swali la kazi limegeuka swali la kuwapo: ukiondolewa cheo, anabaki nani?

Nchini Tanzania, kwa kawaida, mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akitimiza miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Siku ya kuagwa kuna hotuba, pilau, picha ya pamoja, na zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya kumeremeta. Hayo yote yamezoeleka. Kisichozungumzwa ni Jumatatu ya kwanza baada ya hapo. Mzee anaamka saa kumi na moja alfajiri kama alivyoamka kwa miaka 30 na zaidi, anaoga, anapiga pasi shati, anakagua kola. Ndipo anakumbuka. Mkewe akiingia chumbani anamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, shati limenyooka mapajani pake, hajui alivae au alirudishe kabatini. Mama huyu atafanya busara akimwambia tu, "Baba Neema, chai tayari," akaliacha shati kama lilivyo.

Siku hizi neno kujitambua lina soko kubwa. Kuna semina za kujitambua, vitabu vya kujitambua, vipindi vya redio vya asubuhi, na vijana wenye vipaza sauti wanaowaambia watu ukumbini kwamba siri ya kufanikiwa ni kufuata ngazi: kwanza ujitambue, ukishajitambua utajiamini, na ukishajiamini ndipo ubadilishe kazi, biashara au maisha. Wapo wengi waliosaidiwa na maneno hayo, na si haki kuwabeza. Lakini ukizisoma habari za watu waliobadilika kweli, na wakawa waaminifu wa kutosha kutueleza ilivyokuwa, ngazi hiyo unaikuta imesimamishwa kichwa chini. Wengi wao waliondoka kabla hawajajijua. Walipiga hatua magoti yakitetemeka. Kujijua kukaja nyuma, kwa kuchelewa, na mara nyingi kukaanza na jambo lisilopendeza: mtu kujifuma akijidanganya.

Ghazali alijifuma hivyo. Aliyumba kwa karibu miezi 6. Anasema asubuhi alikuwa akiweka nia ya kuondoka, jioni jeshi la matamanio likaivamia nia ile na kuivunja. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Hata uamuzi ulipokomaa hakutoka kwa mlango wa mbele: alitangaza kwamba anakwenda Makka, hali moyoni amepanga kwenda Sham, kwa kuogopa kwamba khalifa na marafiki zake wakijua hataki kurudi watamzuia. Aligawa mali yake akabakiza ya kumtosha yeye na watoto wake wadogo. Watu wa Iraq hawakuielewa habari hii. Hawakuweza kufikiri kwamba mtu aache kiti kile kwa sababu ya dini, kwa kuwa wao walikiona kiti chenyewe ndicho kilele cha dini. Waliokuwa mbali wakasema lazima amewakosea watawala. Waliokuwa karibu, waliowaona watawala wakimng'ang'ania, wakasema basi ni jicho lililowapata Waislamu na wanachuoni wao.

Akaenda Damascus, mji wa Sham. Huko alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia mlango mchana kutwa. Akafika Jerusalem, akajifungia tena katika Kuba la Mwamba. Akazuru Hebron lilipo kaburi la Nabii Ibrahimu, akahiji. Kisha likatokea jambo ambalo wasimulizi wengi hulipitia juu juu: watoto wake walimwita, naye akarudi nyumbani, ingawa hapo awali yeye ndiye alikuwa mtu wa mwisho kufikiria kurudi. Anaeleza wazi kwamba shida za maisha na mahitaji ya jamaa ziliupunguza utulivu aliokuwa akiutafuta. Hakuyaona hayo kuwa aibu ya kufichwa. Walimwengu wengi wanaohama kazi kwa ajili ya "kujitafuta" wangefaidika na ukweli wa namna hiyo, maana nyuma ya kila anayejitafuta yuko mtu anayesubiri ada ya shule.

Karne 7 kabla yake, mwalimu mwingine wa maneno alipungukiwa na pumzi. Huyu ni Agostino, Mwafrika, mzaliwa wa Thagaste, mji uliokuwa katika nchi inayoitwa sasa Algeria. Alizaliwa mwaka 354. Alifundisha ufasaha wa kusema huko Karthago, kisha Roma, na mwaka 384 akapata nafasi ya mwalimu wa ufasaha mjini Milano, palipokuwa na makao ya mfalme. Kwa kijana wa mji mdogo wa Afrika, mtoto wa baba asiye tajiri, huo ulikuwa mlango wa vyeo vya serikali. Kazi yake mojawapo ilikuwa kumsifu mfalme mbele ya umati, kwa maneno ambayo yeye alijua si ya kweli, na wasikilizaji wakayapigia makofi hali wakijua hivyo hivyo.

Kiangazi cha mwaka 386 kifua kikaanza kumbana. Kupumua kwa shida, maumivu, sauti haitoki sawasawa kwa muda mrefu. Wakati uleule alikuwa amekwisha kata shauri la kuacha kazi na kumfuata Mungu wa mama yake, Monika. Ndipo Agostino anapotuandikia jambo ambalo mtu wa leo angelifuta kwenye wasifu wake: alifurahi kwamba kifua kinauma. Kilimpa udhuru. Wazazi waliotaka awafundishe watoto wao wangeambiwa kwamba mwalimu anaumwa, na huo haukuwa uongo, ila haukuwa ukweli wote. Hata hivyo hakuondoka palepale. Zilikuwa zimebaki kama siku 20 kabla ya likizo ya mavuno ya zabibu, akaona heri avumilie mpaka shule ifungwe aondoke kimyakimya. Baadaye alijiuliza iwapo kule kukaa hata saa moja zaidi kwenye kiti cha uongo hakukuwa dhambi.

Watu wawili, dini mbili, karne mbalimbali, na wote wawili ni mafundi wa kusema ambao koo liliwagomea. Msomaji asiharakishe kusema ni muujiza, wala asiharakishe kusema ni msongo wa mawazo akamaliza. Linalogusa ni kwamba kwa wote wawili mwili ulitangulia kusema. Akili, iliyozoea kushinda kila mjadala, iliendelea kutetea mshahara na heshima. Koo likakataa kuwa shahidi.

Na hapa kuna deni ambalo haliwezi kurukwa. Kabla ya mambo hayo Agostino aliishi miaka mingi na mwanamke mmoja, akazaa naye mtoto wa kiume aliyeitwa Adeodato. Ilipoonekana kwamba mume mtarajiwa wa binti wa ukoo wa maana hawezi kuwa na mwanamke wa namna ile nyumbani, mwanamke huyo alirudishwa Afrika peke yake. Mtoto akabaki kwa baba. Agostino anakiri kwamba moyo wake ulichanika, ukavuja damu, lakini katika kurasa zote zile za kujichunguza hajatuandikia jina la yule mwanamke. Tunalijua jina la mama yake, la mwanawe, la marafiki zake, la askofu aliyembatiza. La yule aliyelipa gharama hatulijui. Mtu anaweza kujichimba mpaka akafika chini kabisa ya nafsi yake, na bado asimwone aliyekaa naye chumba kimoja.

Waumini wengi wana wasiwasi mwingine, na ni wasiwasi wa maana. Wanauliza: je, kujiamini si kiburi? Mithali katika Biblia inaonya mtu asizitegemee akili zake mwenyewe. Mwislamu hufundishwa kutawakali, jambo akalikabidhi kwa Mola wake. Mhubiri akisimama Jumapili kusema "jiamini", kuna bibi kwenye benchi la nyuma atakayetikisa kichwa na kunong'ona kwamba wa kuaminiwa ni mmoja tu.

Kiswahili chenyewe kinatoa msaada. Amini, imani, amana na amani ni ndugu wa tumbo moja, wote wametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya usalama na kutumainiwa. Ukimkabidhi mtu amana, tuseme sanduku la nguo za mwanao au fedha za kikundi, humpi kwa sababu anajisikia vizuri juu ya nafsi yake. Unampa kwa sababu umemwona akitunza vitu. Yeye naye, akiitunza na kuirudisha kama ilivyokuwa, hupata kujua kwamba ni mtu wa kukabidhiwa. Kujiamini kwa maana hiyo kunaingia nyumbani kupitia mikono ya wengine. Mtu hajisifu mbele ya kioo mpaka akaamini. Anapewa kitu kidogo, hakipotezi, anapewa kikubwa zaidi. Na kama mwenye kukabidhi wa kwanza ni Mungu, aliyemkabidhi mtu pumzi, akili na koo, basi yule bibi wa benchi la nyuma na yule mhubiri hawapingani kama wanavyodhani.

Vivyo hivyo na istikhara. Watu wengi wa pwani wakitaka kubadili kazi, kuhama mji au kuoa, husali rakaa 2 na kuomba dua ya kutaka uchaguzi wa Mungu, kisha wanalala wakingoja ndoto. Wengine huingoja miezi. Lakini masheikh hufundisha kwamba ndoto si sharti. Ukishaomba unaliendea lile jambo; likiwa la heri litafunguka, likiwa la shari litazuilika. Maana yake dua haimpi mtu ramani kabla ya safari. Inamtuma barabarani, akaijue njia akiwa ndani yake.

Njia ya namna hiyo aliipita mwanamke wa Fumba, kijiji cha kusini magharibi mwa Unguja, aliyezaliwa karibu na mwaka 1880 akapewa jina la Mtumwa. Wazazi wake walikuwa watumwa kweli. Amri ya kufuta hadhi ya utumwa visiwani ilitoka mwaka 1897 tu. Watu wa kwao walifinyanga, naye akajifunza. Chungu kikishakauka na kuchomwa, kilipangwa na wenzake, kikafungwa, kikapanda kichwani, na safari ya mjini ikaanza kwa miguu. Mchuuzi wa vyungu hana ubao wa tangazo. Ana koo. Huita mitaani kwa sauti ya kuwafikia waliomo ndani, nyuma ya madirisha ya vyumba vya juu, na sauti ile lazima iwe tamu, la sivyo dirisha halifunguki. Binti huyu alikuwa akiita hivyo miaka mingi. Watu walianza kumsikiliza yeye kuliko vyungu.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Hapana ushahidi kwamba aliingia akijua atakuwa nani. Alikuwa na umri wa miaka 30 na kitu, hajui kusoma, na taarabu ya wakati ule ilikuwa starehe ya wakubwa, ikiimbwa kwa Kiarabu, mikononi mwa wanaume. Alikutana na mwanamuziki wa Ikhwani Safaa, chama cha muziki kilichoanzishwa 1905, akafundishwa kuimba kwa ala. Kidogo kidogo akaitwa kwenye nyumba moja, kisha nyingine, mpaka Mtumwa wa Fumba akawa Siti binti Saadi. Siti ni neno la heshima kwa mwanamke mwungwana. Jina lilibadilika kwa sababu watu walibadili namna ya kumwita. Hakulichukua mwenyewe dukani. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake mpaka Bombay kurekodi sahani za santuri, na nyimbo zake zikauzwa pwani nzima kwa Kiswahili, lugha ya wapishi, mabaharia na wachukuzi. Aliimba yaliyotokea mitaani. Wimbo wake wa Kijiti ulisimulia mwanamke aliyeuawa, muuaji akatorokea bara, na adhabu ikawaangukia mashahidi.

Waliomwonea kijicho walimtungia wimbo wa kumkejeli. Unajulikana mpaka leo Zanzibar, na sumu yake imefungwa kwenye maswali mawili: huyu amekuwa mtu lini, aliyeingia mjini na kaniki mwilini? Na kama si sauti, angekula nini? Kaniki ni kitambaa cheusi cha rahisi, vazi la watumwa na mafukara. Swali la kwanza linauma, lakini ni matusi ya kawaida ya mji wenye mabwana na watwana. Swali la pili ni zito zaidi, na waliolitunga huenda hawakujua wamegusa nini. Lilikuwa linamwambia: wewe ni koo tu. Likikauka, hakuna mtu mle ndani.

Hilo ndilo lililomuuguza Ghazali. Yeye alijiuliza mwenyewe. Siti aliulizwa na majirani, kwa ngoma na vigelegele.

Siti akajibu kwa wimbo. Angeweza kujibu kwa kuisifia sauti yake, na hakuna ambaye angembishia. Hakufanya hivyo. Alisema kwamba uzuri wa sura si hoja, wala kutoka katika ukoo mkubwa si hoja. Anayepata hasara kweli ni aliyekosa akili. Tazama alichokifanya. Walimtajia sauti, yeye akataja akili. Walimtajia kaniki, yeye akataja kitu ambacho bwana na mtumwa hugawiwa bila kuangaliwa nguo. Hakukana kwamba alitoka Fumba na vyungu kichwani. Alikataa tu kwamba habari yake imeishia hapo. Kama kuna mahali katika historia ya pwani yetu ambapo mtu amejitambua hadharani, watu wakiwa wanacheza, ni pale. Na haingewezekana mwaka 1900 kule kijijini. Ilihitaji miaka ya kukubaliwa na kukataliwa, nyumba kwa nyumba, ndipo jibu lipatikane.

Lakini si kila badiliko linamjenga mtu, na ni vibaya kuwadanganya waliopoteza kazi kwamba kupoteza ni baraka iliyojificha. Bibi Titi Mohammed alikuwa mwimbaji wa ngoma ya lelemama katika kikundi cha Bomba jijini Dar es Salaam kabla ya kuingia chama cha TANU mwaka 1955 na kuongoza wanawake wa chama hicho. Sauti iliyokusanya watu kwenye ngoma ikakusanya watu kwenye mikutano ya uhuru. Hapo ngazi ilipanda. Mwaka 1965 akakosa kura za ubunge Rufiji. Mwaka 1969 akakamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, na 1972 Rais Nyerere akamsamehe akatoka. Kilichofuata ni miaka mirefu ya ukimya kwa mwanamke aliyekuwa akisimama mbele ya maelfu. Leo daladala zinapita katika Barabara ya Bibi Titi Mohammed tangu asubuhi mpaka usiku. Jina limerudi mjini. Ile miaka haikurudi, na hakuna semina inayoweza kuieleza kuwa somo.

Ghazali naye aliitwa arudi. Mwaka 1106, miaka 11 ya Hijria baada ya kuondoka Baghdad, waziri Fakhr al-Mulk, mtoto wa yule Nizam al-Mulk aliyemteua mara ya kwanza, alimtaka akasomeshe Nishapur. Alisitasita tena, safari hii kwa upande wa pili. Alianza kuushuku upweke wake: je, anakaa pembeni kwa ajili ya Mungu, au kwa uvivu, na kwa kupenda raha ya kutoulizwa na mtu? Angalia jinsi mtu huyu alivyokuwa mkali kwa nafsi yake. Mwaka 1095 aliikuta kasoro katika kusomesha, sasa anaikuta katika kuacha kusomesha. Akashauriana na wenye nyoyo safi aliowaamini, wakamwambia atoke. Akatoka. Anaeleza kwamba ingawa kwa macho ya watu amerudi kwenye kazi ileile, yeye haoni kwamba amerudi, kwa sababu elimu anayoieneza sasa ni ile inayomfanya mtu auache ukubwa, na zamani alieneza ile inayouleta. Kisha anaongeza, kwa unyenyekevu wa mtu aliyekwisha jifuma mara moja, kwamba hiyo ndiyo nia yake kwa kadiri anavyojua, na Mungu ndiye ajuaye kama amefika au amekosea.

Kuna shahidi. Abd al-Ghafir al-Farisi, mwanachuoni wa Nishapur wa zama zake, alimfahamu Ghazali wa zamani: mwenye ncha, mwenye kiburi, anayewatazama watu kutoka juu kwa kipaji alichojaliwa cha kusema na kufikiri. Alipomwona karudi mpole hakuamini. Alidhani ni joho amelivaa. Akamtembelea mara nyingi, akamchunguza, akimngojea ateleze. Mwisho akaandika kwamba dhana yake ilikuwa na makosa, mtu yule amebadilika kweli.

Nishapur hakukaa sana. Alirudi Tus, na jirani na nyumba yake akajenga madrasa ya wanafunzi na nyumba ya masufi. Saa zake alizigawa: kuhitimisha Qur'ani, kukaa na watu wa moyo, kusomesha. Hapakuwa na wanafunzi 300, wala khalifa hakutuma mtu kusikiliza. Alisomesha hapo mpaka Desemba 1111.